Wenye mpira hawakuwa na kiwanja

Hii ni hotuba niliyotoa Jumapili kwenye mkutano wa timu yetu ya kijiji, pale chini ya mwembe. Ndugu zetu walioko Dar, Mombasa na Muscat wamenisumbua wanataka yote bila kukatwa, haya basi, nimeiandika kama nilivyoongea, sijaipamba.

Assalaam alaykum! Bwana Yesu asifiwe! Wagosi mpo? Mbona mnaitikia kama mmeshafungwa tano bila? Wagosi mpooo? Haya, hapo sawa.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, diwani nimekuona umejificha huko nyuma na watani zako, mtendaji, mwalimu mkuu, sheikh wetu, mchungaji wetu, wazee wangu mliokaa kwenye majamvi, kina mama, vijana wa timu, na nyie watoto mliopanda mwembe shukeni kwanza, tawi hilo halina adabu. Timu hoyee! Michezo hoyee!

Nimeambiwa nizungumzie historia ya timu, na najua mlitegemea nisimame hapa niwasomee vikombe. Vikombe mnavijua. Viko viwili, kimoja kina masikio, kingine masikio yaling'oka siku ileile ya kusherehekea, na mbuzi tulioshinda siwezi kuwaonyesha kwa sababu tuliwala kabla jua halijazama. Basi, vikombe tumemaliza.

Mimi nina swali. Timu hii ni ya nani? Ya wachezaji? Wachezaji wanakuja wanaondoka, leo namba kumi wetu, mwakani yuko Dar anaendesha bodaboda. Ya kocha? Makocha tumewabadilisha mpaka wengine tumewarudia. Ya anayenunua jezi? Kila mwaka wa uchaguzi anatokea mtu ananunua jezi, na kila mara jina la mgongoni ni lake. Diwani usiniangalie, sijataja mtu mimi! Sasa ni ya nani? Tulieni, nitawapa visa vichache halafu mtanijibu wenyewe.

Turudi nyuma, kabla ya Uhuru. Barabara hii ya Tanga kwenda Pangani, mkonge kulia, mkonge kushoto, mpaka macho yanachoka. Na mkonge wenyewe si mmea wa kwetu. Aliuleta Mjerumani mmoja, Dokta Richard Hindorf, mwaka 1893, miche elfu moja kutoka Florida kule Marekani, ikapita Ujerumani, ikafika Tanga mizima 62 tu. Sitini na mbili! Ukiipanga kimpira hiyo ni timu tano na wachezaji saba wa akiba. Ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka miche hiyo ndo yakaja mashamba yote haya, na bandari ya Tanga ikanenepa, na reli ikapata cha kubeba, na sisi wengine tukapata babu. Ndiyo, tukapata babu, msishangae. Watu wa pwani walikuwa na bahari yao na minazi yao, hawakuitaka kazi ya kukata mkonge, ile kazi ni mateso, jani lina mwiba nchani kama sindano na utomvu wake ukikugusa unajikuna hadi usiku. Kwa hiyo wenye mashamba wakaenda kutafuta watu mbali, Songea, Kigoma, Mbeya, Burundi, Wamakonde wakavuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wakaunda ofisi kabisa ya kukusanya wafanyakazi, wazee waliiita Silabu. Hao ndo manamba. Wakaletwa, wakapangwa kambini, wakapewa vipande, zile kadi za kazi. Nusu ya mliokaa hapa ni wajukuu wao, hata kama leo mnaongea Kidigo kuliko Wadigo.

Sasa kambini kulikuwa na kiwanja. Shamba lilitoa trekta likasawazisha, wakasimamisha milingoti, kwa sababu wasimamizi walipenda watu wacheze mpira Jumapili kuliko wanywe tembo wagombane Jumatatu wasije kazini. Kiwanja kizuri, kirefu, kimenyooka. Tatizo, mpira hakuna! Walikuwa wanasokota singa za mkonge, wanazifunga ndani ya kipande cha gunia, wanaupiga huo. Ukinyesha mvua unakuwa mzito kama jiwe, mtu akipiga kichwa anakaa chini mwenyewe bila kusukumwa.

Huku pwani nako wavuvi walikuwa na timu yao. Hawa walikuwa na mpira. Mpira wa gozi kweli, una kibofu ndani na kamba ya kufunga juu, nahodha mmoja wa jahazi aliununua Mombasa. Lakini walikuwa wanachezea wapi? Ufukweni, maji yakitoka. Maji yakijaa mechi imekwisha, hakuna cha dakika tisini, hakuna cha nyongeza, bahari ndo refa. Mzee mmoja aliniambia waliwahi kuongoza bao moja wakawa wanapoteza muda makusudi, wanatazama maji yanavyokuja, na wale wengine wanalia "jamani bado mapema!" Hahaha.

Mnaona ilivyokuwa? Wenye mpira hawakuwa na kiwanja. Wenye kiwanja hawakuwa na mpira. Narudia ili na watoto wasikie. Wenye mpira hawakuwa na kiwanja na wenye kiwanja hawakuwa na mpira, na katikati yao kulikuwa na mwendo wa nusu saa tu kwa miguu, na dharau. Dharau kubwa! Wa pwani wanawaita wenzao watu wa kuja, wa kambini wanasema wale wavivu wanakaa wanasubiri samaki ajilete. Hawaoleani, hawali pamoja.

Nani alianza kuzungumza? Hapo kila ukoo unadai ni babu yao, mimi siingilii, nina majirani pande zote. Ninachojua ni makubaliano. Mpira utapelekwa kambini kila Jumapili, lakini utasindikizwa na walinzi wawili kutoka pwani, na mechi ikiisha unarudi nao. Fikirieni, mpira una walinzi kama bibi harusi. Wanakaa nyuma ya goli hawachezi, kazi yao kuutazama.

Ikawa hivyo, pwani kwa kambini, wanapigana mabao kila Jumapili. Mpaka siku moja mtu akapiga shuti likapita juu ya mlingoti likaingia kwenye mkonge. Mwiba. Pssss. Uwanja mzima ukanyamaza. Walinzi wakasimama. Nasikia kulikuwa na mapanga siku hiyo, maana wakata mkonge hawaendi popote bila panga, na wavuvi nao wana visu vyao vya kuparia samaki. Wa pwani wanasema mmeharibu mtalipa. Wa kambini wanasema aliyepiga shuti ni wa kwenu, mwiba umefuatwa kwao haukumfuata mtu. Kesi ngumu ile, hata leo ukimpa hakimu atachelewa.

Ndipo akatokea mtu akasema, tulipe nusu kwa nusu. Kibofu kipya nusu pwani nusu kambini. Na wakalipa, wengine senti, wengine samaki, wengine waliahidi wakachelewa kama nyie mnavyochelewa, lakini wakalipa. Sasa mpira ni wa nani? Umeshakuwa wa wote wawili. Walinzi hawana kazi tena! Na mkishakuwa na mpira mmoja mtacheza wenyewe kwa wenyewe hadi lini, si mtataka kwenda kucheza na wengine? Wakachagua kumi na moja, wavuvi na wakata mkonge wamechanganyika, wakapanda trela la shamba wakaenda kucheza nje. Hiyo ndo timu yetu. Haikuanzishwa na ofisi wala na bwana yeyote, ilianzishwa na kiraka.

Na toka siku hiyo ikawa desturi kabla ya mechi watoto wanapewa kisu wanakwenda kukata miiba ya mistari miwili ya kwanza ya mkonge nyuma ya magoli. Mzee wangu pale anacheka, alikuwa mmoja wao, ndivyo au sivyo mzee? Anasema ndivyo, na hakulipwa. Tutaangalia.

Huo mpira nao ulitunzwa jamani. Gozi likikauka linapasuka, kwa hiyo lazima lipakwe mafuta, na mafuta gani yalikuwepo? Sifa. Vijana hamjui sifa, ni mafuta ya maini ya papa, yanapakwa mbao za jahazi zisioze. Harufu yake, mungu wangu. Mpira ulipakwa sifa ukatundikwa darini jikoni, siku ya mechi unateremshwa unang'aa kama mtoto aliyetoka kuoga, na ukipiga kichwa unanuka jahazi wiki nzima na ile kamba ya mpira imekuchora paji la uso. Kina bibi walikuwa wanajua nani kafunga bao bila kwenda uwanjani, wananusa tu.

Mko nami? Au nimalize? Haya twende.

Kuna kitu kingine vijana hawakijui. Ratiba ya timu hii ilikuwa inapangwa na mwezi. Mnacheka nini, hamjui dagaa wanavuliwa giza? Wavuvi wanawasha karabai, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, bahari yote inang'aa, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Basi wakati wa mbalamwezi timu yetu ilikuwa moto! Namba tisa yupo, namba saba yupo, miguu imelala usingizi wa kutosha. Giza likiingia nusu ya kikosi iko baharini usiku kucha, asubuhi wanarudi macho mekundu wananuka mafuta ya taa, saa kumi jioni unamwambia akimbie winga, atakimbia vipi?

Na vijiji jirani walishajua. Wakitaka kutufunga wanatuletea barua ya mechi ya kirafiki wakati wa giza. Urafiki gani huo!

Mara moja tulipangiwa mechi ya mashindano gizani, katibu wetu akaandika barua kuomba isogezwe hadi tarehe kumi na tatu ya mwezi wa Kiislamu. Wenye mashindano walikuwa watu wa mjini, wakadhani tunasingizia sikukuu. Ikakataliwa. Siku ikafika tukahesabiana, tuko saba. Sheria ya mpira inasema mkiwa chini ya saba mechi haichezwi. Sisi tulikuwa saba kamili, bahati mbaya iliyoje, tungekuwa sita tungerudi nyumbani na heshima zetu! Na wa saba mwenyewe hakuwa mchezaji, alikuwa fundi viatu aliyekuja kushona daluga. Wakacheza. Kwenye daftari la timu, mechi zote zina mabao yake, tumeshinda mbili moja, tumetoka sare, hiyo imeandikwa neno moja, "Tulifungwa." Nukta. Idadi hakuna. Nimeuliza wazee wote na kila mmoja ana namba yake, na waliocheza ndo wana namba ndogo.

Halafu asitokee mtu aniambie siku ile tulifungwa na kamati ya ufundi ya wenzetu. Watu saba ambao wanne wao hawajalala usiku kucha, hao hawahitaji kurogwa.

Sasa tuongee kiwanja, na hapa sicheki tena. Vijana sogezeni masikio.

Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, hakuna nchi iliyotufikia duniani. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Halafu kamba za nailoni zikajaa masoko ya dunia, bei ya mkonge ikaanguka, vipuri hakuna, miaka ya 70 na 80 mashamba yakaanza kufa moja moja. Hapa kwetu korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilinyamaza. Wale waliokuwa wanaamshwa na mlio wake wanasema kimya kile kiliwanyima usingizi. Trela la kutupeleka mechi likaoza, tukawa tunakwenda Pangani kwa mashua, na msitu ukaota ukafika laini ya goli. Lakini kiwanja tulikifyeka wenyewe. Kila Ijumaa baada ya swala, majembe na mapanga. Mtu hajalipwa mshahara miezi kadhaa lakini anakwenda kufyeka kiwanja! Kwa nini? Kwa sababu aliamini ni chake.

Ni chake kweli? Miaka ya 90 mashamba yakabinafsishwa. Mwenye shamba mpya akaleta wapimaji, wakapima, wakachimbia bikoni za mpaka. Bikoni moja ikasimama katikati ya eneo la penati, upande wa kaskazini. Nguzo ya saruji, inafika magotini. Tulicheza na ile bikoni msimu mzima, na msema kweli ilitusaidia, wageni wanajikwaa sisi tunaijua, tulikuwa tunasema beki wetu wa kati hachoki wala halipwi posho. Tukacheka. Tulicheka sana. Na tulipokuwa tunacheka karatasi zilikuwa zinapita ofisini.

Siku tulipokwenda kulalamika tukaulizwa swali la kistaarabu kabisa, hakuna aliyetufokea. Karatasi yenu iko wapi? Tukatazamana. Wazee waliofyeka miaka yote ile, wachezaji, katibu na daftari lake kwapani, tukatazamana. Karatasi hatukuwa nayo. Kiwanja kikaenda, leo ukipita pale ni mkonge mtupu umestawi, umepandwa kwenye jasho la watu.

Tungekufa pale kama timu. Kilichotuokoa ni mkutano mkuu wa kijiji na bibi mmoja, marehemu sasa, mwenyezi Mungu amrehemu. Wanaume wanazungumza wanazungumza, wengine wanataka twende mahakamani, wengine wanataka tukang'oe bikoni usiku. Bibi akasimama akauliza, wajukuu zangu watacheza wapi kesho? Kesho, si mwakani. Akasema hapa nyuma ya shule pana minazi yangu mizee haizai vizuri, kateni. Yeye hakuwahi kucheza mpira maisha yake, hata sheria ya ofsaidi hakuijua, ingawa hata nyie wengine hamuijui. Akakata minazi minne. Alipofanya vile nani angebaki amekaa? Jirani yake akatoa, na mwingine akatoa, wiki hiyohiyo watu wanang'oa visiki. Kipa wetu anaposimama goli la kusini, hapo ndipo palipokuwa na mnazi wake wa kwanza. Ukidaka mpira pale ujue umesimama kwenye nazi za mtu.

Sasa nawauliza. Karatasi ya kiwanja hiki iko wapi?

Nyamazeni tu. Jibu mnalijua.

Barabara inawekwa lami, Tanga–Pangani, na itaendelea hadi Saadani na Bagamoyo, na daraja linajengwa mto Pangani. Ni heri, mgonjwa atafika hospitali, samaki watafika mjini hawajaharibika. Lakini lami ikipita ardhi inapanda bei, na kiwanja cha mpira ni karibu ekari mbili, tambarare, hakina mti, karibu na bahari. Mtu wa hoteli akikitazama anaona nini? Haoni goli yule.

Na dawa ipo, tena haihitaji wakili wa mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji ndo inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu bila mkutano mkuu kuidhinisha. Mkutano mkuu ni nani? Ni wewe na wewe na wewe, kila mkazi aliyefika miaka 18. Na ipo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, namba 6 ya mwaka 2007, kijiji kinapanga chenyewe hapa kulima, hapa malisho, hapa makazi, hapa huduma za jamii. Tunachotaka ni kiwanja hiki kiandikwe kwenye mpango kama ardhi ya matumizi ya pamoja, kichorwe kwenye ramani, kisomwe kwenye mkutano, kiingie kwenye muhtasari. Mwenyekiti nakuomba mbele ya watu hawa, ajenda ya mkutano ujao. Umekubali? Amekubali! Mtendaji umeandika? Haandiki, mpeni kalamu.

Niende haraka sasa maana katibu ananionyesha saa.

Mkoa wetu una majina makubwa. African Sports ya 1936, Coastal Union ya 1948. Mwaka 1988 Coastal walichukua ubingwa wa Tanzania na kijiji hiki hakikulala, wengine walikuwa uwanja wa Mkwakwani, wengine wamekizunguka kiredio kimoja. Tumeona pia machungu. Msimu wa 2015/16 tulikuwa na timu tatu ligi kuu, Coastal, African Sports na Mgambo, zote tatu zikashuka kwa mpigo! Zote tatu! Msimu uliofuata mkoa mzima hauna timu ligi kuu. Na mwaka 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, Coastal na Yanga tatu tatu, Sopu wa Coastal kafunga zetu zote tatu peke yake, banda umiza la hapa karibu liangushe paa, halafu penati zikatumaliza.

Hayo yote nani aliandika? Magazeti. Redio. Ukitaka kujua Coastal walifanya nini 1988 utapata. Sasa timu ya kijiji nani anaiandikia? Sisi hatuna mwandishi wa habari anayekuja na kamera. Tulikuwa na mtu mmoja na kaunta buku.

Huyo mtu alikuwa mkata mkonge, hajui a wala be. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akatangaza mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa yakafunguliwa chini ya miti, na yeye akaenda, jioni baada ya kazi, vidole vimejaa makovu ya miiba. Mtoto wake aliniambia kitu cha kwanza baba yake alichoandika kwa hiari yake, mbali na zoezi la mwalimu, kilikuwa kikosi cha timu. Kumi na moja, kwa mpangilio, namba moja hadi kumi na moja. Herufi kubwa zote, zinapanda mlima.

Nimeliomba daftari lenyewe kwa familia nikalisoma lote. Mchwa wamekula kona, lakini mengi yapo. Michango ipo. Fulani nazi ishirini. Fulani pishi ya dagaa. Fulani "ameahidi", na mbele yake pako wazi mpaka leo, na ukoo wake uko hapa, nitawafuata. Kuna jezi zilizoshonwa kwa mifuko ya unga miaka ile ya uhaba, kaandika "jezi za unga, zinawasha". Na kuna ukurasa wa vita vya Kagera, 1978 kwenda 1979. Kikosi kimeandikwa kama kawaida, na mbele ya majina matatu kaandika "Uganda". Mechi inayofuata tena, Uganda, Uganda, Uganda. Inafika kurasa za mbele, mawili yanarudi kwenye kikosi, namba nne na namba nane. Namba tano akaandikwa mtu mwingine, na katibu hakueleza chochote.

Familia hiyo ipo hapa leo. Tunawashukuru.

Sasa daftari la miaka hii mitano liko wapi? Katibu hebu simama. Anasema liko kwenye simu. Simu ipi? Ile iliyoingia maji. Basi kaa.

Ndo maana nasema tuanze upya na tuanze leo. Timu isajiliwe. Ipo Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, namba 12 ya mwaka 1967, kuna msajili wa vyama vya michezo, tunaanzia kwa afisa michezo wa wilaya, tunapeleka katiba, muhtasari wa mkutano na orodha ya wanachama. Klabu isiyosajiliwa haiwezi kudai kitu, itaambiwa nyie ni nani, tutatazamana tena kama siku ile ya bikoni. Na wanachama ni wanaolipa ada. Kijana anaweka mkeka wa elfu mbili kila Jumamosi kwa ajili ya timu za Uingereza ambazo hazijui kama Tanga ipo, ukimwambia ada ya mwezi mia tano anasema hali ngumu. Hali ngumu ipi? Mkeka umechanika na wewe bado unatabasamu!

Na wanachama ni pamoja na wasichana. Hili nitalisema hata kama kuna wanaonuna. Wasichana wetu wanafanya mazoezi saa saba mchana jua la utosi, kwa nini? Kwa sababu jioni kiwanja ni cha kaka zao. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India wakafika robo fainali. Timu ya wanaume ya taifa imefika robo fainali ya Kombe la Dunia lini? Nasubiri. Kiwanja hiki kilipatikana kwa minazi ya mwanamke, halafu wajukuu zake wa kike wanacheza saa saba? Jumanne na Alhamisi jioni ni zao kuanzia wiki hii. Kocha umesikia? Kuna mwenye swali? Hakuna, imepita.

Mamluki nitaliongelea siku nyingine, nikianza leo tutagombana, ila mjue msimamo wangu, mnaleta namba tisa wa kukodi kutoka mjini anakula nauli ya timu nzima halafu anafunga bao la kuotea.

Haya. Wazee, kuanzia kesho baada ya alasiri vijana wawili watapita nyumba kwa nyumba na simu, wanarekodi. Mwenye picha ya zamani aitoe, tutaipiga picha na kuirudisha palepale ilipokuwa. Mzee wangu fundi viatu nakuja kwako mimi mwenyewe, wa kwanza kabisa, na safari hii hutoki bila kuniambia yalikuwa mabao mangapi. Anatikisa kichwa, hataki. Mzee, siku ile ulivaa bukta, huwezi kujitoa!

Kaunta buku jipya hili hapa, nimelinunua. Mweka hazina kaa pale mezani, mwenye ada aje alipe aandikwe, anayeahidi aandikwe "ameahidi" kwa herufi kubwa. Wachezaji nendeni mkapashe misuli, refa ameshafika na nimeona wenzetu wanashuka kwenye gari. Na leo mwezi ni mpevu.

Timu hoyee!